Taa Iliyomkonyeza Dada Rukia

Jumatatu, tarehe nne Machi 2002. Unguja joto la kaskazi lilikuwa halijaondoka. Mawingu yalijikusanya asubuhi juu ya Michenzani, tukaanua nguo, kisha yakatawanyika bila ya kudondosha tone, tukaanika tena. Nilikuwa na pini mdomoni, nampima sketi mtoto wa skuli, pale jirani yetu mwenye duka aliponiita dirishani: "Zuhura! Simu ya Maskati. Njoo mbio, mtu analia."

Aliyekuwa analia ni Khalfan, mtoto wa dada yangu. Dada Rukia ni mkubwa wangu, tumetoka tumbo moja. Mumewe alipokufa, mwanawe huyo, aliyelelewa Maskati kwa watu wa baba yake, alimchukua akakae naye mtaa wa Ghubra, na alikuwa hajatimiza mwaka huko. Simu ilikuwa inakatika. Huniita khalati, yaani mama mdogo, na niliyoyasikia ni haya: "Khalati, mama kagongwa na gari. Yuhai. Mguu umevunjika. Babu ndiye aliyemgonga."

Nikarudi nyumbani nikawaambia, Dada kagongwa na babu. Babu gani? Mume wangu akadhani ni mzee wa upande wa marehemu shemeji. Mama mkwe wangu akakasirika kabisa. "Mzee mzima anapewaje gari? Huko hapana mtu wa kumnyang'anya ufunguo?" Tulimlaumu mzee huyo kwa siku kadhaa, na wengine walikwisha kumtia sura na mvi. Khalfan alipopiga tena kunambia tiketi iko tayari, ndipo alipocheka katikati ya huzuni yake. Babu ni jina tu. Ni Mhindi, kijana, dereva wa gari ya mboga.

Nilitakiwa kwenda kwa sababu Thuraya, mke wa Khalfan, mzaliwa wa huko huko lakini wa nyumba ya Kiswahili, anafanya kazi benki, na Dada hakutaka kuogeshwa na mtu asiyemjua. Wala mie sikukataa, ila nilikuwa na hofu. Safari yangu ya mbali kabla ya hiyo ilikuwa Mombasa. Skuli niliachia darasa la saba, na nawajua watu waliokwenda Maskati wakarudi na hadithi zilizonona kuliko wao. Kwa hiyo hapa nimeandika niliyoyaona, na pale ambapo sina hakika nimesema sina hakika.

Ndani ya ndege sikuona kitu cha kusimulia. Nilifunga mkanda, nikasoma nilichojaaliwa, nikafungua macho tunateremka Seeb, kwenye uwanja wa Maskati. Nje palikuwa na upepo mzuri, wala si lile joto tunalotishiwa nalo. Khalfan alinibusu mkono, akanipakia kiti cha mbele.

Njiani kutoka uwanja wa ndege ndipo nilipoanza kushangaa. Barabara pana kama uwanja wa mpira, lami haina hata kiraka, taa zimesimama mstari mmoja mpaka jicho linachoka. Kila penye kipilefti pana maua. Lakini mtu wa miguu sikumuona. Niliwatafuta, kwa sababu mie nyumbani ni mtu wa miguu, nikaona wafanyakazi wachache tu wamesimama mbali ukingoni, wanangoja, kama watu wanaongoja mto upungue. Na gari zao zinakwenda upande wa kulia. Kila Khalfan alipokata kona nilijishika.

Mara gari iliyo nyuma yetu ikapiga taa, ikapiga tena. Nikageuka kutazama.

"Nani huyo anakusalimu?" nikamuuliza.

"Hanisalimu, khalati. Ananambia toka." Akahama upande wa kulia, ile gari ikatupita kama iliyotupwa.

"Bila ya kusalimu?"

"Bila ya kusalimu," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Hapo sikufikiri kitu.

Ghubra, nyumbani kwa Khalfan, nilimkuta Dada kalazwa chumba cha mbele, mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Tulilia kidogo. Kisha akanitaka nikae kitini, nifunge mlango, nisikilize, kwa sababu alikuwa kachoka kuwaeleza watu wasiosikia.

"Nilisimama kando," akasema, "nnataka kuvuka kwenda kununua unga wa mchele. Gari zimepita, zimepita, hapana anayekutazama. Ikaja ile nyeupe ya mboga. Ikapunguza mwendo. Ikanikonyeza taa, mara mbili. Nkasema alhamdulillahi, kumbe na huku mna watu! Nkamtikisia kichwa, ahsante mwanangu, nkatia mguu. Akanigonga." Akaigonga plasta kwa kidole. "Mtu kakwita, umemwitika, kisha akakugonga. Zuhura, ungekuwa wewe, ungemsamehe?"

Nikasema nisingemsamehe. Nilisema kweli yangu.

Baada ya chakula cha mchana Khalfan alinieleza upande wa pili. Polisi walikwisha kuchukua maelezo ya Babu. Maelezo ya Dada walisema watayangoja mpaka apate nafuu ya kukaa kitako. Leseni ya Babu imezuiliwa, na tajiri wake kamwambia wazi kwamba, akionekana kagonga kwa makusudi au kwa upuuzi, atarudishwa kwao India, ambako ana mke na watoto na wazee. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa yanangoja kinywa cha Dada. Na Dada alishasema atakachokisema: huyu mtu kaniita kisha kanigonga.

"Na yeye Babu anasemaje?"

"Anasema alimpiga taa mara mbili, mama akamtikisia kichwa, kisha akaingia barabarani."

Kutoka chumbani Dada akapaza sauti: "Umesikia? Kakiri mwenyewe!"

Nami niliona kakiri. Ila kuna kitu kilinikera. Mtu anayekiri kosa huinamisha sauti, na Khalfan alisema Babu aliyasema hayo kama mtu anayejitetea.

"Mama," Khalfan akasema, kasimama mlangoni pa chumba cha Dada, "hapa hapana mtu anayepiga taa kumpisha mtu."

"Basi mie muongo?"

"Sijasema muongo, mama."

"Mwenda wazimu?"

Khalfan akatazama zulia. Dada akageukia ukuta.

Jioni ya siku hiyo Thuraya alininong'oneza jikoni kwamba wao wawili wameshakubaliana: mguu ukipona, mama hatoki tena peke yake. Kwanza anasahau, pili ndiyo hayo ya kuona taa zinamwita. Thuraya si mtu mbaya, na ninaandika hivi ili mtu asimfikirie vibaya. Alikuwa anamkata Dada kucha kwa mkono wake. Alikuwa na hofu tu.

Jumatano, baada ya alasiri, nilimuomba Thuraya anioneshe pahala penyewe. Pako karibu, mwisho wa mtaa wao. Barabara ya kwenda na ya kurudi, katikati pana ukingo wenye nyasi, na ng'ambo pana maduka: la mkate, la fundi cherehani, la vyakula. Kivuko cha milia kipo, lakini kiko mbali, ukikifuata juani utafika umeiva. Hilo nimelitia kwa haki ya wote. Dada hakuvuka penye kivuko, na kivuko nacho hakikuwekwa pale watu wanapovuka.

Tukasimama. Gari zikapita. Ikaja moja ya kijivu, ikapunguza kidogo, ikatupiga taa, mara mbili.

Nikatia mguu.

Thuraya alinidaka buibui kwa nyuma, nusura lichanike. "Khalati! Wendapi?"

"Kanipa njia."

"Nani kakupa njia?"

"Si huyo! Kanikonyeza."

"Kakukonyeza! Yaani, khalati, kakwambia nakuja, usithubutu!"

Gari ikapita mbele yetu, upepo wake ukatupeperusha mitandio. Thuraya alikuwa bado kanishika nguo.

"Kwani Zanzibar," akauliza polepole, "mtu akikupiga taa?"

"Ni pita."

"Kila mtu?"

Nikafikiri, kwa sababu si haki kusema kila mtu. Wako wa gari za shamba wanaopiga taa kwa fujo zao. "Akipunguza mwendo kisha akakonyeza," nikasema, "ni pita. Hata mtoto anajua."

Thuraya alikaa pale pale juu ya ukingo wa barabara, na koti lake la kazini na viatu vya kisigino. "Wallahi, khalati," akasema, "sisi tulikuwa tunamtafutia daktari wa akili."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile gari iliyotupiga taa siku niliyofika.

Jioni hiyo sikumwambia Dada. Thuraya alitaka tumwambie pale pale, mie nikamzuia. Nilijiambia, Zuhura, nyie mmelelewa nyumba moja, na ujinga unaweza kurithiwa kama masikio makubwa. Mashahidi wawili wa mama mmoja ni shahidi mmoja. Nilitaka nimsikie mtu wa tatu, tena asiyetujua.

Asubuhi ya pili yake tulimpeleka Dada hospitali kutazamwa plasta. Muuguzi wa chumba kile alikuwa Mkenya, Wanjiru kwa jina, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi na msalaba mdogo shingoni. Aliposikia Kiswahili chetu alifurahi kama aliyeokota kitu. Nikamuuliza, nikijitahidi nisimtilie jibu mdomoni: "Mwanangu, kwenu, ukisimama kando ya barabara, gari ikapunguza mwendo ikakupiga taa mara mbili, wewe hufanyaje?"

"Navuka. Nini ingine? Amekupea njia, si uende?" Kisha akasimama na bandeji mkononi. "Lakini si hapa, mama! Hapa ukienda unaletwa kwangu. Mimi mwaka wa kwanza nilikimbia nusu ya barabara, nikarudi hiyo nusu nikipiga kelele. Ni Mungu tu."

Dada alikuwa kalala kitandani anatazama dari. Akajiinua kwa viwiko. "Rudia hayo, mwanangu."

Wanjiru akarudia.

"Khalfan, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mie sina wazimu."

"Huna, mama. Nisamehe."

Niliona atafurahi, nilidhani hata atatucheka. Hakutucheka. Alilala tena, akamwachia Wanjiru mguu mpaka alipokwisha kazi yake, kisha akasema, kama anayejisemea: "Basi yule mtoto kanambia simama, mie nkamwambia ahsante." Na baada ya kitambo: "Nipelekeni kwa huyo Babu."

Mawaleh, katika soko kubwa la mboga na matunda, tulifika kabla ya adhuhuri. Dada alikuwa nusu kalala kiti cha nyuma, mguu kaunyosha juu ya mto. Nje ni malori, harufu ya vitunguu, na watu wa kila taifa wanaoitana kwa lugha ambayo nusu ni Kiarabu na nusu nyingine kila mtu kaitoa kwao. Khalfan alikwenda kuuliza, akarudi na kijana mwembamba, shati limelowa mgongoni. Kwa kuwa hana leseni, walimweka kubeba makreti. Alipomuona Dada ndani ya gari alisimama mbali, akaviunganisha viganja vyake, hakusogea.

"Mwambie aje," Dada akasema. "Siumi. Hata nikitaka, mguu huo hapo."

Babu akaja mpaka dirishani. Khalfan anajua Kihindi cha sokoni, na Babu anajua Kiarabu cha kazini, na kwa vipande hivyo viwili walielewana. Mie naandika kama nilivyofasiriwa.

Dada akamwambia aeleze yote tangu mwanzo. Babu akaeleza. Alijifunza kuendesha gari katika mji mkubwa wa kwao, ambako gari, baiskeli, mikokoteni, ng'ombe na watu wako njia moja, bega kwa bega. Huko dereva asiyepiga honi wala taa ndiye asiye na adabu. Akimgonga mtu, watu humuuliza, kwa nini hukusema? Kwa hiyo yeye husema. Alipomuona bibi kando ya barabara alisema kwa taa mara mbili: nakuja, ngoja. Na watu wa kwao wakitaka kuvuka, akasema, hujikusanya kundi, wanavuka pamoja, wa mbele kanyoosha mkono. Dereva akiuona mkono husimama. Lakini mtu mmoja aliyesimama peke yake, hakunyoosha mkono, huyo dereva hujua anangoja.

"Na kichwa?" nikauliza. "Dada si alikutikisia kichwa?"

Babu akasema ndiyo, na hilo ndilo lililomtia moyo. Akatuonesha. Kichwa chake kilicheza kulia na kushoto, kilaini, kama chungwa juu ya sahani. Kwao hivyo ni kusema sawa, haya, endelea.

"Mie sikutikisa hivyo," Dada akasema.

"Ulitikisaje?"

"Khalfan, hebu washa hizo taa."

Khalfan akaingia kitini kwake, na mbele ya wachukuzi na mlima wa viazi akapiga taa mara mbili. Babu, aliyekuwa kasogea mbele ya gari, mkono wake ulinyanyuka wenyewe, kiganja mbele: ngoja. Dada, kule nyuma, kichwa chake kikainama pembeni chenyewe, na tabasamu: ahsante mwanangu.

"Aiwa!" Babu akapiga kelele. "Hivyo! Hivyo hivyo!"

Wachukuzi wakacheka, Khalfan akacheka, hata mie, Mungu anisamehe. Dada naye alicheka, mpaka mguu ukamuuma.

Kisha nikauliza jambo ambalo sikutaka kuliuliza, lakini niliona nisipouliza nitakuwa nimeegemea upande. "Baada ya kuona kichwa, ulifanya nini?"

Khalfan akafasiri. Babu akajibu akitazama chini.

"Anasema alikanyaga mafuta."

"Kwa nini?"

"Anasema, kwa sababu mama kampa njia."

Hapo hapana aliyecheka. Kila mmoja kampa mwenziwe shukrani, na wote wawili wakaenda.

Dada akaweka mkono juu ya mlango wa gari. "Muulize," akamwambia Khalfan, "hiyo taa na iwe taa. Kwa nini hakusimama tu?"

Khalfan akauliza. Babu alitazama barabara ya kutokea sokoni, ambako malori yalikuwa yanapigiana honi, kila mmoja anataka kuwahi kutoka. Kisha akajibu maneno machache.

"Anasema hajui," Khalfan akatwambia. "Anasema hapana mtu aliyepata kumuuliza hivyo."

Ijumaa, baada ya sala, Khalfan alinipeleka Qurayyat, mji wa pwani, kuchukua samaki kwa ami yake Thuraya. Dada alibaki na Thuraya. Barabara ya huko inapanda milima mikavu, inajipinda. Katika kona moja gari iliyokuwa inatujia ikatupiga taa. Nikasema, Khalfan, huyu naye anatwambia tutoke wapi, na njia ni moja? Akapunguza mwendo. Mbele, nyuma ya mwamba, palikuwa na mbuzi kundi zima wamelala juu ya lami. Yule mtu alikuwa anatuonya kwa wema wake tu, wala hajui sisi ni nani. Nimelitia hili kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni kwamba madereva wa Maskati hupiga taa kwa kiburi. Si hivyo. Wako wa kiburi na wako wa mbuzi, na taa ni ile ile.

Wiki iliyofuata Dada aliweza kukaa kitako, tukaenda kituo cha polisi. Tuliingia wote, na Babu alikuwako, kakaa benchi la mwisho. Dada alivaa buibui lake jipya. Usiku wa kuamkia siku hiyo Khalfan alimuuliza atasema nini, akajibiwa, "Ntasema lililotokea." Zaidi ya hapo hakutwambia, wala mie sikujua. Nilimjua tangu utoto: akiahidi kusamehe husamehe, lakini hapendi kuahidi.

Afande alianza kwa Kiarabu, Khalfan akawa anafasiri. Dada alipofika pale pa kukonyeza, afande akaweka kalamu chini. "Alikukonyeza?" akauliza, kwa Kiswahili cha Pemba safi kabisa. Kumbe mama yake ni mtu wa Wete. Khalfan akapumzika.

"Kwa taa," Dada akasema. "Kwetu ni pita. Kwao ni ngoja. Sikujua, wala yeye hakujua. Andika hivyo."

"Na wewe bibi ulivuka pasipo kivuko."

"Kweli. Andika na hilo."

"Na yeye alikwenda mbio."

"Muulize mwenyewe, asije akasema nimemsemea."

Babu aliulizwa, akasema alikwenda kasi kuliko inavyotakiwa. Alisema bila ya kuzunguka. Afande akaandika. Kisha akamuuliza Dada kama ana madai juu ya mtu huyu.

Babu alikuwa anatazama mdomo wa Dada, kwa sababu maneno hakuyaelewa.

"Nimemsamehe," Dada akasema. "Mguu wangu nimemsamehe. Lakini nna neno moja naye." Akamgeukia Babu, Khalfan akafasiri. "Siku nyingine ukiniona nimesimama kando ya barabara, usiniwashie kitu, usinizimie kitu. Taa haina ulimi. Simamisha gari. Umenifahamu?"

Babu akachezesha kichwa, kulia na kushoto.

"Hicho kichwa chako sikitaki," Dada akasema. "Sema kwa mdomo."

Afande aligeuka upande, mabega yanatikisika. Babu akasimama, akasema kwa Kiarabu, "Aiwa, mama. Nasimama." Macho yake yalikuwa mekundu.

Mambo ya leseni waliyazungumza kwa Kiarabu na sikuyashika yote. Nilivyofahamu, aliadhibiwa kwa mwendo, akakaa bila ya leseni kwa muda, kisha akarudishiwa. Tajiri wake hakumrudisha kwao. Mle mwezini alikuja Ghubra mara mbili na kreti la mboga, na mara zote mbili Dada alimlisha kabla ya kumwachia aende.

Mwezi wa Mei, plasta ilipokwisha kutolewa na Dada anatembea kwa mkongojo ndani ya nyumba, nikarudi. Wakati huo joto lenyewe lilikuwa limefika. Ukifungua mlango unapigwa usoni kama umefunua chungu. Uwanja wa ndege Dada aliniambia nisilie, nikalia.

Unguja nilipokewa na masika, maji mpaka kwenye vifundo. Siku ya pili nilikwenda Darajani kununua uzi. Nilisimama kando, gari ikapunguza mwendo, ikanikonyeza. Alikuwa dereva wa kwetu, na taa ya kwetu, na maana yake naijua tangu utoto. Sikusogea. Nilikuwa natazama gurudumu.

"Pita basi, bi mkubwa!" dereva akanipigia kelele. "Mpaka nikutumie kadi ya mwaliko?"

"Simama kwanza," nikamwambia.

"Si nimekupa njia!"

"Nimeona. Simama."

Gurudumu likasimama, nikapita. Hakufurahi, na sidai kwamba alikuwa na kosa. Kwa desturi yetu kosa lilikuwa langu. Lakini ndilo nililorudi nalo, pamoja na halwa na ubani: mtu wa miguu atazame gurudumu, asitazame taa. Na mwenye gari, kama anataka kunipa njia, anipe kwa breki. Kama wako walioliona hilo kabla yangu, basi wanisamehe, mie nimelijua sasa.

Magharibi ya siku hiyo hiyo mwenye duka aliniita tena dirishani. Alikuwa Dada mwenyewe kwenye simu, na safari hii haikatiki. Kavuka, anasema. Kaenda peke yake na mkongojo wake kununua unga wa mchele, Thuraya kasimama mlangoni anamtazama lakini hakumfuata. Ile gari nyeupe ikaja. Haikupiga taa. Ilisimama katikati ya barabara, Babu akateremka, akasimama mbele ya gari zote kanyoosha mkono, kama wanavyofanya watu wa kwao wakivuka, na nyuma yake wenye gari wanapiga honi na kutukana kwa lugha zote. "Nkavuka kama bibi harusi," Dada akasema. "Polepole."

Nikarudi nikawasimulia wa nyumbani: Dada kavushwa na Babu.

"Babu gani tena?" mama mkwe akauliza.

Usiku huo tulikula muhogo wa nazi na papa wa kuchoma, na halwa kidogo kidogo, kwa sababu majirani walikuja kusikiliza.